Kutengeneza kiti mwendo Mwanza bila kulipa mara mbili: mwongozo kamili

Niliwahi kulipa mara tatu kwa sababu ya uzi. Gurudumu dogo la mbele, upande wa kulia, lilianza kugoma nikitoka soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba. Fundi wa kwanza akaligonga kwa nyundo, akamwaga oili, akachukua chake. Siku ya nne likagoma tena. Wa pili akasema beringi zimekufa, akaweka mpya, wiki haikuisha. Wa tatu alikuwa mzee wa baiskeli, wala hakuwa amewahi kushika kiti mwendo. Alininyanyulia kiti upande mmoja, akalizungusha gurudumu kwa kidole, akainamisha sikio. "Mama, huna sindano hapo?" Mimi ni mshonaji, sindano sikosi. Akaichomeka kati ya gurudumu na uma, yaani chuma kinacholishika gurudumu pande mbili, akavuta taratibu. Ukatoka uzi wa nyavu, wa kijani, umejikunja pamoja na nywele na magamba ya samaki, urefu wa mkono wangu mzima. Nikamuuliza kiasi gani. Akasema, "Nipe ya chai."

Tangu siku hiyo nina daftari la matengenezo, na daftari limenifundisha kwamba kipuri chenyewe mara nyingi ndicho rahisi kuliko vyote. Pesa inaliwa na fundi anayebahatisha, na usafiri wa kukipeleka kiti na kukirudisha, na siku unazokaa ndani ukisubiri. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: ugonjwa nautafuta mwenyewe nyumbani, naandika namba ya kipuri, napeleka kipande badala ya kiti kizima, kisha namsimamia fundi hadi mwisho.

Neno moja kuhusu majina. Huku kwetu watu wengi husema "baiskeli" kwa kiti mwendo na pia kwa ile ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Ukimpigia fundi simu ukasema "baiskeli yangu imeharibika", atakuja na spana za baiskeli ya kawaida. Mwambie ni ipi, na mtumie picha.

Hatua ya kwanza: kikague ukiwa umekaa kitandani

Hamia kitandani au kwenye mkeka, kisha mwenzako akigeuze kiti juu chini. Ukiwa na mtoto wa shule nyumbani anatosha. Kazi hii wanaipenda.

Zungusha kila gurudumu. Linalozunguka kimya na kusimama polepole ni zima. Likikwaruza kama linasaga mchanga, shuku beringi. Likisimama ghafla, tafuta kwanza kitu kilichojisokota kwenye ekseli: uzi, nywele, kipande cha mfuko. Ukiishi karibu na ziwa, au ukienda sokoni kwa dagaa, tafuta hicho kabla ya kuwaza kingine chochote. Kisha shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza kushoto na kulia, ama nati imelegea ama beringi imelika. Kaza nati kidogo, tikisa tena. Likitulia, umemaliza, na hujatoa senti.

Kiti kinavuta upande mmoja? Wengi hukimbilia kusema fremu imepinda. Bonyeza matairi ya nyuma kwa dole gumba, yote mawili. Tairi la upepo lililojaa vizuri halibonyei zaidi ya milimita 5 hivi. Moja likiwa laini kuliko jenzake, umeshajua kiti kinavutwa na nini. Tairi laini pia huua breki, kwa sababu breki ya kiti mwendo hufanya kazi kwa kulikandamiza tairi. Nimeona watu wakinunua breki mpya wakati walichohitaji ni pampu.

Magurudumu ya mbele yakitetemeka ukienda kasi, angalia nati iliyo juu ya uma, mara nyingi imefichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Ikaze hadi uma usicheze, lakini uendelee kugeuka wenyewe bila kusukumwa.

Mwisho futa fremu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, hasa kwenye maungio, chini ya kiti pale vyuma viwili vinapokatizana kama mkasi, na penye sehemu ya kuwekea miguu. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu au rangi iliyopasuka. Ukiuona ukiwa na urefu wa punje ya mchele, ni kazi ya dakika chache. Ukiuacha mpaka chuma kikatike, unaweza kukatika nao ukiwa unashuka kilima cha Bugando.

Hatua ya pili: namba, namba, namba

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Beringi imeandikwa namba ubavuni. Isugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usome ukiwa juani. Magurudumu ya mbele ya viti vingi hutumia 608: tundu milimita 8, upana wa nje milimita 22, unene milimita 7. Nyuma utakutana na 6001, 6201, 6202 na ndugu zao. Herufi zinazofuata zina maana: 2RS ni yenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, ZZ ni yenye kifuniko cha bati. Kwa mchanga wetu na madimbwi ya masika, chukua 2RS. Ukiwa na namba huhitaji duka la vifaa vya walemavu. Nenda duka la vipuri vya pikipiki au la beringi za mashine, taja namba, basi. Gurudumu moja la mbele kwa kawaida lina beringi mbili; badilisha zote mbili pamoja, maana iliyobaki nayo imeshakula mchanga uleule.

Tairi ni mtego mkubwa zaidi. Kiti changu kina tairi la 24, nikamtuma mpwa wangu mjini alete tairi la 24. Akaleta la baiskeli ya mtoto, limeandikwa 24 vizuri kabisa, na halikuingia. Tulihangaika nalo kutwa nzima, tukavunja vijiko viwili. Siri iko kwenye namba ndogo zilizochongwa pembeni, zenye mstari katikati. Tairi la kawaida la kiti mwendo huandikwa 37-540 au 25-540. La baiskeli za vijana huandikwa mfano 47-507. Namba ya pili ndiyo kipenyo cha ringi kwa milimita, na kati ya 540 na 507 kuna tofauti ya zaidi ya sentimita 3. Viti vingine, hasa vilivyoundwa kwa barabara mbovu, vimewekewa makusudi ringi za baiskeli, na hivyo vinachukua tairi la dukani. Soma la kwako kwanza. Tyubu ina huruma zaidi: ya baiskeli ya 24 hunyooka ikaingia kwa dharura. Baiskeli za mikono nyingi zina magurudumu ya 28 kama ya baiskeli za kawaida za mizigo, namba 635, na tairi lake halikosekani hata gulioni.

Andika namba zote nyuma ya daftari, zipige picha, ziweke kwenye simu ya mtu unayemtuma.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani

Weka bei zako. Mimi natumia za mfano tu ili uone hesabu inavyokwenda. Tuseme beringi moja ni shilingi 3,000. Mbili ni 6,000. Kazi ya fundi 4,000. Ugonjwa wote ni 10,000.

Sasa panda bajaji na kiti chako, 5,000 kwenda, 5,000 kurudi. Fundi anasema beringi hana, njoo kesho: nyingine 10,000. Siku mbili hujafungua kibanda, na kibanda kinakuingizia 12,000 kwa siku: 24,000. Ugonjwa wa elfu kumi umekula 54,000.

Hesabu nyingine. Unafungua gurudumu ukiwa nyumbani kwa spana mbili, unampa kijana wa bodaboda pamoja na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, 4,000 kwenda na kurudi. Jumla 14,000, nawe umekaa kitandani unapachika vifungo. Kwa ndugu zetu wa Ukerewe tofauti ni kubwa zaidi, maana kuvuka ziwa na kiti kibovu ni safari ya kutwa na bado kuna kulala mjini.

Nani ashike nini

Hakuna fundi mmoja wa kila kitu, na anayekuambia yeye anaweza vyote mwogope. Spoku, tyubu, mnyororo na gololi ni kazi ya fundi baiskeli. Ekseli iliyolika au bushi isiyopatikana dukani, peleka kwa wakerezaji wa vyuma. Nyakato karakana hazikosi. Kitambaa cha kiti ni cha fundi viatu au mabegi. Ukihisi kiti chenyewe hakikufai mwilini, mfano kinakuinamisha upande au kinakuletea vidonda, hapo siyo suala la spana tena: nenda idara ya fiziotherapia, hospitali ya Bugando au Sekou Toure, wakupime.

Kitambaa cha kiti: kazi ambayo hakuna anayeihesabu

Naomba mniruhusu, hapa niko kwenye fani yangu.

Kitambaa kikilegea, unazama katikati kama kwenye machela. Magoti yanagongana, nyonga inalala upande, uzito wote unahamia mfupa mmoja. Kwa mtu asiye na hisia chini ya kiuno huo ni mwanzo wa kidonda, na kidonda kimoja cha kulalia kinaweza kukuweka wodini miezi. Hakuna beringi ghali kiasi hicho. Lakini kwa sababu kiti bado kinatembea, watu wanaacha.

Fungua skrubu, toa kitambaa, usikitupe. Kosa la mafundi wengi ni kukata kipya kwa kufuata cha zamani, ambacho kimeshanyooka; unashonewa ulegevu uleule. Pima fremu yenyewe ikiwa imefunguliwa kabisa, kutoka tundu la skrubu la kushoto hadi la kulia, kisha ongeza pindo. Cha zamani kitumie kujua nafasi za matundu kwa urefu tu.

Chukua turubai zito la lori, tabaka mbili. Pamba usitumie: jasho na mkojo vitaiozesha. Kati ya tabaka pitisha mikanda ya mabegi, mitatu au minne, kutoka upande hadi upande, kwa sababu uzito unabebwa na mikanda, turubai ni sura tu. Uzi uwe ule mnene wa kushonea mabegi, sindano namba 18, na kila mwisho wa mkanda shona kisanduku chenye msalaba ndani. Matundu usikate kwa mkasi. Pasha msumari ukawa mwekundu, toboa nao; ukingo utayeyuka na kushikana, hautachanika. Chini ya kila skrubu weka washa. Ukimaliza, kiti kinapaswa kufunguka kwa kukazana kidogo. Kikifunguka kirahisi, umekiachia.

Mto nao una siku zake. Kaa juu yake, mwombe mtu apitishe kiganja chini ya mto, chini ya mfupa wa kalio. Kama mfupa unamgonga kiganja, sponji imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nene.

Kuchomelea

Weka sumaku kwenye fremu. Ikishika, ni chuma, na fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza. Isiposhika, huenda ni alumini, na mashine yake ya kawaida itayeyusha fremu mbele ya macho yako. Alumini inataka mashine ya gesi ya agoni na fundi aliyeizoea. Kwa muda, bomba la chuma linaloingia ndani ya lililokatika na kufungwa kwa bolti mbili litakubeba.

Kwa chuma, mambo manne ya kumwambia fundi kabla hajawasha. Vua kwanza kitambaa, matairi na beringi, maana cheche hazichagui. Waya wa kurudisha umeme ubanwe karibu kabisa na pale panapochomwa. Ukibanwa upande wa pili, umeme utapita kwenye beringi yoyote iliyosahaulika ndani na kuiharibu. Bomba la kiti mwendo ni jembamba, kwa hiyo vijiti viwe vyembamba na moto uwe mdogo. Na kama ni ufa, atoboe tundu dogo kwenye kila ncha yake kabla ya kuujaza, vinginevyo utaendelea kutambaa chini ya kiraka. Palipokatika kabisa, kipande cha bomba kivishwe juu yake kama soksi. Kuunganisha ncha kwa ncha hakudumu hata msimu.

Fundi kijana atakuambia, "Mama, mimi nachomelea mageti." Mwambie geti halipandi Mabatini.

Baiskeli ya mikono

Maradhi yake makubwa ni mnyororo na breki. Mnyororo upime kwa rula ya chuma: nafasi 24 kutoka pini hadi pini zinatakiwa kuwa sentimita 30.5. Zikifika 30.8, badilisha, ukichelewa utakula na meno ya sproketi, na hayo ndiyo ghali. Oili chafu ya gari usipake. Inanata, inakusanya mchanga, inageuka msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, weka oili safi tone tone, kisha futa ya nje. (Mafuta ya cherehani yanafaa pia, ila yanakauka upesi. Najua kwa sababu ninayo daima.)

Breki: mji huu ni mawe na miteremko. Baiskeli yenye breki upande mmoja tu itakugeuza ukishuka. Raba za breki zikibaki nyembamba kama shilingi, badilisha zote siku hiyohiyo, ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa.

Watumiaji wa magongo, kwenu ni fupi: geuza gongo, tazama raba. Ikiwa laini bila mistari, au chuma kimeanza kuchungulia, usivuke nayo jiwe lenye maji. Washona kandambili za matairi wanakata za kudumu, ila hakikisha imebana. Raba inayochomoka ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Pesa itoke wapi

Mimi natenga kidogo kila Jumamosi kwenye kopo, na kopo halifunguliwi kwa ada wala harusi. Nje ya hapo, milango ni michache. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inakupa msingi wa kudai nyenzo za kujimudu, na mlango wake ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda Nyamagana au Ilemela kulingana na unapoishi, na barua fupi, picha ya kilichoharibika, na bei kutoka maduka mawili. Barua isemayo "naomba msaada wa kiti" hulala mezani. Isemayo "naomba beringi nne 608 na tairi mbili 37-540, jumla kiasi fulani" ina nafasi, kwa sababu mtu anaweza kuisaini leo.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, ni mkopo wa biashara usio na riba. Usiuchukue kununulia tairi. Lakini unapoandika mpango wa biashara yako, weka matengenezo ya kiti kama gharama ya biashara, kama dereva wa bodaboda anavyoweka oili. Hakuna anayeweza kukukatalia hilo.

Na mhisani akija na viti vipya, vya kupigia picha, muulize kabla ya kupokea: vipuri vyake vinapatikana duka gani? Kiti cha hospitalini chenye vigurudumu vidogo vigumu kimetengenezwa kwa sakafu ya vigae. Kwenye changarawe ya Igoma hakitakufikisha mbali, na utabaki na deni la kukitengeneza.

Kabla hujamlipa fundi

Usilipe kiti kikiwa kimegeuzwa. Kaa. Funga breki zote mbili, mwombe fundi akusukume kwa nyuma, kisisogee. Fungua, achia kiende chenyewe mahali tambarare hatua kumi, kiende sawasawa. Geuka mduara kulia, kisha kushoto. Kunja, kunjua. Sikiliza. Omba vipuri vya zamani, hata kama ni takataka, ujue kweli vimebadilishwa. Andika tarehe, kazi na kiasi kwenye daftari, naye asaini au aweke namba yake ya simu. Baada ya siku tatu kaza nati zote upya, kwa sababu vitu vipya hulegea vikikaa mahali pake. Na ukitoka Mwaloni, pitisha sindano.